Taifa "linabuniwa" au "linawazwa"? Neno moja limenipotezea darasa zima

Chaki_Nyeupe aliuliza:

Habari za leo wanajukwaa. Naomba kusaidiwa na wale mliozisoma nadharia za taifa na utaifa.

Ninafundisha somo la utangulizi, mwaka wa kwanza. Muhula huu nimewaandalia wanafunzi muhtasari wa Kiswahili kuhusu wanazuoni wanne wa utaifa, Ernest Renan, Ernest Gellner, Benedict Anderson na Anthony Smith, kwa sababu nilichoka kuwaona wakikariri sentensi za lugha nyingine bila kuzitafuna. Nilipofika kwa Anderson na ile dhana yake ya 1983 inayotajwa kila mahali, kwamba taifa ni "imagined community", nikaandika "jamii ya kubuni". Kalamu haikusita hata kidogo.

Wiki hii nimesahihisha insha. Ziko 31. Katika 19, Anderson amegeuka mtu aliyethibitisha kwamba taifa ni uongo. Mwanafunzi mmoja, tena hodari, ameandika kuwa askari waliozikwa bila majina "walikufia hadithi". Sentensi hiyo imeninyima raha, kwa sababu Anderson anayaendea makaburi ya Askari Asiyejulikana kwa nia nyingine kabisa: anataka kujua kitu hiki kina nini hata mamilioni ya watu wakakubali kukifia.

Siwalaumu. Hadithi ya kubuni ni ile isiyotokea. Mwenye kubuni ushahidi ni mwongo. Neno langu ndilo lililowapeleka huko. Nimejaribu "ya kufikirika", nikakumbuka kuwa ndivyo tunavyoiita ikweta, mstari usioonekana popote ardhini. "Ya njozi" ni mbaya zaidi. Ninyi mngesemaje? Na je, nimemwelewa Anderson sawasawa, au nami nimepotea pamoja nao?

Mpekuzi alijibu:

Mwalimu, umemwelewa. Tena mtego uliokunasa umo ndani ya taaluma yenyewe. Mwaka 1964 Gellner aliandika kwamba utaifa si mataifa kuamka usingizini na kujitambua. Utaifa huyaunda mataifa mahali yasipokuwapo. Anderson hakuikataa hoja nzima, ila alimshika kwenye neno. Alisema Gellner ana hamu kubwa mno ya kuuvua utaifa vazi lake, hata anaifanya kazi ya kutunga ionekane sawa na kughushi, kana kwamba ziko jumuiya nyingine za kweli za kulinganisha na taifa. Kwa Anderson, kila jumuiya inayozidi kijiji ambacho watu wake huonana uso kwa uso inashikiliwa na mawazo. Cha kuchunguza ni namna inavyowazwa.

Kwa hiyo mimi ningesema "jumuiya ya kuwazwa", na ukiwa na ujasiri, "jumuiya ya kuwazana". Chukua mfano wake wa gazeti. Mtu anasoma peke yake, kimya, lakini anajua kuwa saa hiyo hiyo maelfu ya watu asiowajua wala hatawajua wamefungua kurasa zile zile. Yeye anawawaza, nao wanamwaza. Hapo nani kamdanganya nani? Na tafadhali iwe "jumuiya", isiwe "jamii": Anderson anasisitiza udugu wa watu walio sawa, unaohisiwa hata pale unyonyaji umejaa.

Bahasha_ya_Kale alijibu:

"Kuwazana" ni neno zuri, na ndiyo maana linanitia wasiwasi.

Mwanangu Mpekuzi, soma kazi ya Eugen Weber ya 1976 juu ya wakulima wa Ufaransa. Ufaransa! Taifa ambalo kila mwanafunzi hulitaja kama kongwe lisilo na shaka. Takwimu za serikali za 1863 zilionyesha kuwa karibu robo ya wananchi hawakuzungumza Kifaransa kabisa. Kilichowageuza kuwa Wafaransa kati ya 1870 na 1914 ni barabara, reli, jeshi na shule. Mtoto aliyenaswa akisema lugha ya kwao shuleni alipewa alama ya aibu, akaibeba mpaka amnase mwenzake. Huyo hakuwazana na mtu. Aliwazishwa.

Kwa maoni yangu hapa ndipo Gellner anapomzidi Anderson. Yeye anauliza mashine inaendeshwa na nini. Viwanda vinahitaji watu wanaoweza kuhama kazi moja kwenda nyingine na kuelewana kwa maandishi na wasiowajua. Watu wa namna hiyo hawazaliwi. Wanafinyangwa na shule ndefu ya mtindo mmoja, ambayo dola pekee ndiyo inayoweza kuigharimia. Akafika hadi kusema kwamba kwa dola ya kisasa, kuhodhi elimu halali kuna uzito kuliko kuhodhi mabavu halali. Nimefundisha miaka mingi na kila nikiyasoma hayo nashtuka upya.

Usiwape vijana neno tamu mno, Mwalimu. Wale 19 walinusa nguvu iliyotumika. Walichokosea ni kuiita uongo.

Kauli alijibu:

Shikamoo mzee Bahasha. Naongeza moja tu. "Kuwazwa" ni kauli ya kutendwa, na kauli hiyo hupenda kumficha mtenda. Kuwazwa na nani? Partha Chatterjee, msomi wa India, aliuliza hilo hilo mwaka 1993. Kama Ulaya na Amerika zimekwisha kutoa ruwaza zote za utaifa, na waliotawaliwa kazi yao ni kuchagua tu, wamebakiwa na nini cha kuwaza? Hata mawazo yao yatakuwa yametawaliwa milele. Mwalimu, huyo hayumo katika orodha yako ya wanne, na angewafaa sana.

Kuhusu Smith, usimwache awe "yule wa upande wa kale". Aliandika tasnifu yake chini ya Gellner, na hakukana kwamba mataifa ni ya kisasa; alidai kwamba hayakufinyangwa kwa udongo wa popote. Yalikuwapo majina, visasili, kumbukumbu. Walijadiliana hadharani Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, Oktoba 1995, siku chache kabla ya Gellner kufariki. Gellner akauliza: je, mataifa yana vitovu, yaani alama ya kuzaliwa na kitu kilichoyatangulia? Mengine yanavyo, akasema, mengine hayana, mengine yametengenezewa, na yote yanaishi. Akawataja Waestonia, ambao mwanzoni mwa karne ya 19 hawakuwa na jina lao wenyewe zaidi ya kuitwa watu wa ardhi. Kwa Kiswahili swali hilo linauma zaidi, maana kitovu kilipozikwa ndipo tunapopaita kwetu.

Chaki_Nyeupe alijibu:

Asanteni sana. Insha sizirudishi bado. Jumatatu nitaandika vitenzi vitatu ubaoni, kubuni, kuwazana na kuwazishwa, kisha kila mmoja achague kimoja akitetee mbele ya msomaji wa gazeti na mbele ya yule mtoto wa Ufaransa. Chatterjee nitamwingiza, hata kama itabidi Renan afupishwe.

Yule wa askari nitamwita kando kwanza. Sitamtaka aifute sentensi yake. Nataka aniambie nani aliyemsimulia askari hadithi hiyo, na askari mwenyewe aliiongezea nini.