Mjadala: Picha ya MRI ikishaonyesha doa, je, bado tezi dume nzima ichomwe sindano?

Mtoa hoja: Kwa miaka mingi, mwanamume ambaye kipimo chake cha PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) kimepanda amechukuliwa vinyama 12 vya uchunguzi kutoka pande zote za tezi dume, sindano ikiongozwa na ultrasaundi ambayo huonyesha mipaka ya tezi lakini mara nyingi haionyeshi uvimbe wenyewe. Utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017, uliwapima wanaume 576 kwa njia hiyo na kwa MRI, kisha majibu yote yakalinganishwa na bayopsi (uchukuaji wa vinyama) ya kina, iliyochukua vinyama kila baada ya milimita 5. Sindano za ultrasaundi zilinasa asilimia 48 ya saratani zenye hatari, MRI asilimia 93. Mwaka uliofuata, utafiti wa PRECISION ulionyesha kwamba kulenga sindano kwenye doa la MRI, badala ya tezi nzima, hugundua saratani hatari kwa wanaume wengi zaidi (asilimia 38 dhidi ya 26), na zile zisizo na madhara kwa wachache zaidi (asilimia 9 dhidi ya 22). Takwimu hii ya pili ndiyo inayonigusa, kwani saratani ndogo ikishaandikwa kwenye faili, baadhi huishia kwenye upasuaji au mionzi, wakabaki na matatizo ya mkojo na ya nguvu za kiume kwa ugonjwa ambao pengine usingewaua. Sindano za kubahatisha ziachwe.

Mchangiaji: Ndugu, PROMIS umeisoma upande mmoja. Miongoni mwa wanaume wasiokuwa na saratani hatari, MRI iliwaondolea shaka asilimia 41 tu. Waliobaki walionekana wa kutiliwa shaka bure, maana hata uvimbe unaotokana na maambukizi huweza kufanana na saratani kwenye picha. Isitoshe, mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa wanaume 2,103 wenye doa, ambao walichukuliwa vinyama kwa njia zote mbili, vya doa na vya tezi nzima. Kama doa peke yake lingelengwa, asilimia 8.8 ya saratani za daraja la 3 kwenda juu (madaraja ya ukali ni 1 hadi 5) zingepewa daraja lisilo lake. Mgonjwa wa namna hiyo angeambiwa asubiri na kufuatiliwa, ilhali alihitaji matibabu.

Mtoa hoja: Hiyo asilimia 8.8 siwezi kuipuuza, nami nakiri kwamba neno "ziachwe" lilikuwa kali mno. Hata hivyo, makosa mengi ya aina hiyo hutokea kwa sababu sindano imepita kando kidogo ya uvimbe, au imegusa sehemu yake isiyo kali. Dawa yake ni kuongeza vinyama kuzunguka doa, jambo ambalo halihitaji kurudi kutoboa upande ambao picha imeuonyesha kuwa safi.

Mchangiaji: Hapo tumekaribiana, ila umesahau msomaji wa picha. Alama za PI-RADS, ambazo msomaji hulipa doa la MRI kadiri anavyolishuku kuwa saratani, huanzia 1 hadi 5, na ile ya 3 ndiyo inayowagawa wataalamu: mmoja huiona 2 na kumruhusu mgonjwa aende zake, mwingine huiona 4 na kuagiza sindano. Upande unaouita safi ni safi kwa jicho la nani? Mahali ambapo msomaji hajazoea picha hizi, mimi bado ningechukua vya doa pamoja na vile 12.