Tishu unganishi: kovu langu la panga alilijenga nani?

Ugoko_Kushoto: Wakuu, shikamooni. Nasoma utabibu mwaka wa kwanza, Jumatatu nina mtihani wa histolojia (elimu ya tishu za mwili), mada ya tishu unganishi, zile zinazoshikilia sehemu za mwili pamoja. Fibroblasti, makrofaji, seli masti, seli plazma, seli za mafuta: majina naghani kama ngonjera, ila nikiulizwa nani anafanya kazi gani natoa macho. Mwaka juzi nilijikata ugoko na panga nikikata majani ya ng'ombe. Kovu limelala bapa. Mdogo wangu katoboa sikio tu, kaota nundu kubwa kuliko punje ya hindi. Kwa nini?

Mama_Bandeji: Marahaba mwanangu. Nimefunga vidonda miaka 19, tutumie huo ugoko wako. Ulipojikata, seli masti zinazokaa kando ya vimishipa vya damu zilimwaga histamini, kemikali ya kuamsha uvimbe, pakavimba. Wekundu wa vitabuni kwenye ngozi yetu huuoni vizuri. Weka mgongo wa mkono, utasikia joto. Siku ya pili, ya tatu, monosaiti, seli nyeupe zilizotoka kwenye damu, zimeshageuka makrofaji: zinakula vijidudu na nyama iliyokufa, na ndizo zinazowaita mafundi. Fundi ni fibroblasti. Hufuma kwanza kolajeni (protini ya nyuzinyuzi) aina ya III, ya kushikiza tu, kisha taratibu inabadilishwa na aina ya I iliyo imara. Nyingine hugeuka miofibroblasti na kuvuta kingo zikaribiane. Hata hivyo kovu huishia takriban asilimia 80 ya nguvu ya ngozi ya awali. Na bila vitamini C kolajeni haikazi, ndiyo maana mgonjwa wangu namuuliza kwanza kama anakula matunda.

Darubini_Kuukuu: Mama kamaliza kidonda, mimi niongeze la mtihani. Seli plazma hutokana na limfosaiti B (aina ya seli nyeupe) na kazi yake ni kutoa kingamwili, protini za kupambana na vijidudu; zitafute kwenye ukuta wa utumbo. Kiini kipo upande mmoja, kromatini yake (nyuzi za DNA ndani ya kiini) imepangwa kama uso wa saa. Usiichanganye na seli ya mafuta: ile nayo kiini kipo pembeni, ila kimebanwa na tone moja kubwa la mafuta, kama kito kwenye pete. Masti ni neno la Kijerumani la kunenepesha mifugo. Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878, akaona zimejaa chembechembe, akadhani zimeshiba!

Ugoko_Kushoto: Asanteni sana. Na sikio?

Mama_Bandeji: Hiyo ni keloidi. Fibroblasti zimeambiwa jenga, hazijaambiwa basi, kolajeni ikavuka mpaka wa kidonda. Kovu nene la kawaida halivuki. Hupenda ndewe, kifua na mabega, na hufuata ukoo. Asikimbilie kukatwa tu, hurudi, pengine kubwa zaidi. Aulizie kwa daktari wa ngozi sindano za steroidi. Kwenu nani mwingine analo?

Ugoko_Kushoto: Mama. Begani, palepale alipochanjwa utotoni.

Mama_Bandeji: Basi wewe usitoboe chochote.