Tupeane uzoefu: Udaktari wa ng'ambo, unalipa au ni kamari?

Mzazi_Urambo
Habari zenu wakuu. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka tu, simu za mawakala wa vyuo vya nje zinafika mpaka huku Urambo na Kaliua. Kijana mwenye PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) ya kawaida anaambiwa nafasi ya udaktari ipo China, ipo Urusi, ipo India, hata visiwa vya Karibi ipo, na barua ya udahili inaingia kwenye simu kabla wiki haijaisha. Wazazi tunabaki kuulizana: tuuze ng'ombe aende, au asubiri vyuo vya hapa? Wenye kulijua jambo hili wekeni hatua na namba. Habari za mtoto wa fulani aliyeenda akarudi na gari tuziache kwa leo.

Nyanza_Ujiji
Mkuu, anzia mwisho: kijana anataka kutibu wapi? Chuo kinatoa digrii. Ruhusa ya kumgusa mgonjwa inatoka kwenye baraza la nchi atakayofanyia kazi, na kwa Tanzania Bara hilo ni Baraza la Madaktari Tanganyika, MCT. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa kwao na mhitimu wake akakwama Kigoma.

Mlolongo uko hivi. Kabla ya kuondoka anaomba TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, barua ya kutokuwa na pingamizi, ile inayoitwa NOC. TCU wanaangalia kama chuo na programu vinatambulika huko viliko, na kama mwombaji ana sifa ambazo zingemwezesha kusoma udaktari hapa nyumbani. Maombi yanafanyika mtandaoni, hakuna haja ya kupanda treni kwenda Dar. Akihitimu anarudi TCU kuomba utambuzi wa tuzo. Halafu MCT, ambako waliosoma nje wanafanya mtihani wa kabla ya utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Akifaulu ndipo anapangiwa hospitali ya utarajali kwa miezi 12, na usajili kamili unafuata baada ya hapo.

Wakala akikwambia "NOC utashughulikia ukirudi", kata simu.

Ticha_Kemia_Tabora
Niongezee kwenye sifa, maana wengi wananaswa hapo. Mwongozo wa TCU kwa udaktari unataka prinsipo tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla isipungue pointi 6, na kila somo angalau D. Pointi zinahesabiwa A 5, B 4, C 3, D 2, E 1.

Sasa chukua kijana mwenye Baiolojia C, Kemia D, Fizikia E. Tatu, mbili, moja: sita. Wakala anamwambia pointi anazo. Pointi kweli anazo, sifa hana, kwa sababu ya ile E ya Fizikia. Chuo cha nje kitampokea bila shida, wao wana vigezo vyao. Na usiamini kirahisi kwamba mwaka wa maandalizi wa huko utaifuta hiyo E. Waulize TCU kwa maandishi, wajibu kwa maandishi, karatasi uihifadhi. Soma pia mwongozo wa mwaka wako mwenyewe, vigezo huwa vinabadilishwa.

Mwenye E asikate tamaa. Kuna Stashahada ya Utabibu, miaka mitatu. Akitoka na wastani wa B au GPA 3.0, na kidato cha nne ana angalau D za Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza, anaomba MD, digrii yenyewe ya udaktari, hapa hapa. Njia inaonekana ndefu, ila mwenye stashahada tayari ni tabibu, ana kazi anayoweza kuombea zahanati au kituo cha afya. Aliyeishia mwaka wa tatu ng'ambo anarudi na transkripti, karatasi ya alama, peke yake.

Mzazi_Urambo
Asante sana mwalimu. Lakini huo mtihani wa MCT unawaangushaje watu waliokaa darasani miaka sita?

Tabibu_Kasulu
Miaka sita ya darasani wanayo, wodi ndiyo hawana. Programu nyingi za China na Urusi zinafundishwa kwa Kiingereza darasani, lakini mgonjwa kitandani anaongea Kichina au Kirusi. Mwanafunzi ambaye lugha haijamkaa anasimama nyuma ya kundi, anasubiri daktari amtafsirie sentensi mbili, zamu inaisha. Kuchukua historia ya mgonjwa hajajifunza, kupima tumbo la mjamzito kwa mikono hajajifunza. Vyuo vingi vya China vinadai HSK, mtihani wa lugha ya Kichina, daraja la 4 kwa sababu hii hii. Daraja la 4 linakutosha sokoni, wodini linakuacha njiani. India Kiingereza ni kingi kati ya madaktari wenyewe, ila mgonjwa wa Chennai ataongea Kitamil.

La pili ni magonjwa. Huku tunataka mtu aliyezoea malaria kali, kifafa cha mimba, siko seli, utapiamlo mkali, mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Mjaribu mhitimu kwa kifafa cha mimba. Anatakiwa aseme bila kusoma mahali: magnesiamu salfeti gramu 4 ya asilimia 20 kwenye mshipa polepole, halafu gramu 5 ya asilimia 50 kila tako, kisha gramu 5 kila baada ya saa 4. Kabla ya kila dozi anapima mambo matatu: goti likigongwa linaruka, pumzi hazipungui 16 kwa dakika, mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti gramu 1 iwe karibu, pumzi zikizidi kushuka. Malaria kali nayo: atesuneti ya sindano miligramu 2.4 kwa kilo, mtoto wa chini ya kilo 20 apewe 3 kwa kilo, saa ya 0, ya 12, ya 24, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza, ndipo amalizie vidonge vya mseto, ALU, siku tatu. Aliyefanya kazi wodi ya wazazi hata wiki nne haya yako kwenye vidole. Aliyekariri kwenye slaidi anachanganya asilimia 20 na 50, na hapo kwa mgonjwa wa kweli unaua.

Kwa hiyo ukiwa unachunguza chuo, usiulize kina majengo gani. Uliza hospitali ya kufundishia ni ipi, ni ya chuo au ya kukodi, ina vitanda vingapi, na kundi la wodini ni wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja. Sita au nane wanajifunza. Ishirini na tano ni msafara wa harusi.

Mhasibu_wa_AMCOS
Mimi nasema pesa tu. Barua ya udahili inaandika ada, na ada ni sehemu. Weka hosteli, bima ya afya, kibali cha ukaazi kila mwaka, vitabu, nguo za baridi kama ni Urusi, na tiketi walau moja ya kurudi katikati ya miaka sita. Halafu weka kitu ambacho wazazi wengi wanakisahau: shilingi. Ada ya dola 4,000, kwa mfano, mwaka 2022 dola ikiwa karibu 2,300 ilikuwa milioni 9.2. Katikati ya 2024 dola ilipita 2,600, ada ile ile ikawa milioni 10.4 na zaidi. Chuo hakijapandisha hata senti. Bajeti ya miaka sita iwe na nafasi ya shilingi kushuka, la sivyo mwaka wa nne utamkuta mtoto kafungiwa mtihani.

Kwa wakulima wa tumbaku, angalieni kalenda. Masoko yanaanza karibu Aprili au Mei na malipo hayaji siku ulipouza. Ada ya muhula wa Septemba inatakiwa Agosti. Ukitegemea malipo ya msimu huu kulipia muhula huu, kuchelewa wiki tatu kunatosha kukuletea faini au kukuzuilia barua ya viza. Ada ya mwaka wa kwanza iwe imeshalala benki kabla hajaomba viza.

Ukituma kwa TT, yaani benki kwa benki kwenda nje, kwenye sehemu ya makato chagua OUR, yaani makato yote unalipa wewe mtumaji. Ukiacha SHA, yaani makato mnagawana, benki za kati zinakata njiani, chuo kinapokea pungufu ya dola 25 au 40, na mtoto anaonekana hajamaliza ada. Kosa dogo linalosumbua kuliko maelezo.

Mikopo ya kawaida ya HESLB, Bodi ya Mikopo ya serikali, ni kwa vyuo vya ndani. Usiiingize kwenye hesabu zako.

Kijana_Isevya
Wakuu, na hivi visiwa vya Karibi? Kuna chuo kinatangaza MD ya miaka minne na mazoezi hospitali za Marekani.

Nyanza_Ujiji
Hiyo ni biashara yenye mteja wake, na mteja wake ni Mmarekani aliyekosa chuo kwao. Vikubwa vipo kweli: St. George's kiko Grenada, Ross kiko Barbados, AUC kiko Sint Maarten. Miaka minne ni kwa mwenye digrii ya kwanza ya sayansi. Aliyetoka kidato cha sita anaanzia madarasa ya maandalizi, inakuwa mitano, sita, au saba. Gharama ya MD nzima kwenye vyuo hivi vikubwa inapita dola 200,000 kabla hujala. Mmarekani anakopa kwao. Wewe wa Isevya utakopa wapi?

Mfumo ni sayansi za msingi kisiwani, karibu miaka miwili, kisha rotesheni, mazoezi ya kuzunguka wodi, hospitali za Marekani, na huko ni viza nyingine kabisa. Katikati kuna mtihani wa USMLE Step 1, hatua ya kwanza ya mitihani ya leseni ya udaktari Marekani, ambao tangu Januari 2022 unatoa kufaulu au kufeli tu bila alama. Vyuo vya aina hii vinapokea wanafunzi wengi, mara nyingi hadi awamu tatu kwa mwaka, na kuchuja kunafanyika ndani. Wanaochujwa wanakuwa wameshalipa.

Akimaliza anahitaji cheti cha ECFMG, shirika la Marekani linalohakiki madaktari waliosoma nje, halafu anaingia kwenye Match, mfumo wa kugawa nafasi, kugombea nafasi ya residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini. Kwa miaka ya karibuni wahitimu wa vyuo vya nje wasio raia wa Marekani wanaopata nafasi wako chini kidogo ya asilimia 60. Wahitimu wa vyuo vya Marekani kwenyewe ni zaidi ya 90. Angalia pia ithibati: tangu 2024 ECFMG wanaonyesha kama chuo kina ithibati ya wakala anayetambuliwa na WFME, shirikisho la dunia la elimu ya udaktari. Kwa Karibi tafuta wakala wa ithibati CAAM-HP au ACCM. Kuwemo kwenye Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Udaktari si ithibati, ni kama kuwemo kwenye kitabu cha simu, na hilo ndilo mawakala wanalitingisha sana.

Vimbunga navyo. 2017 Irma ilipiga Sint Maarten na Maria ikapiga Dominica. Ross ilikuwa Dominica wakati huo; wanafunzi wakahamishiwa Marekani na 2019 chuo kikahamia Barbados moja kwa moja. Kikubwa kina uwezo wa kuhamisha watu. Kile kidogo cha jengo moja la kupanga, sijui wenyewe mnaonaje.

Dada_Manyovu
Majanga si ya visiwani tu. China ilifunga mipaka kwa wanafunzi wa nje Machi 2020 na kuanza kuwafungulia 2022, watu wakasoma udaktari kwenye simu. Ukraine vita vya Februari 2022. Khartoum Aprili 2023, serikali ikawarudisha Watanzania waliokuwa wakisoma pale. Kwa hiyo kila mwisho wa mwaka mwanafunzi achukue transkripti iliyogongwa muhuri pamoja na muhtasari wa masomo, aipige picha na kuituma nyumbani. Chuo kikifungwa ghafla, karatasi hizo ndizo zitakazotumika kuombea uhamisho.

Na kwa sisi wa mpakani: Bujumbura ni karibu kuliko Mwanza, lakini udaktari wa kule na wa Kongo unafundishwa Kifaransa. Kuongea Kirundi na bibi sokoni hakukusaidii kwenye fiziolojia.

Mzazi_Urambo
Wakala anataka ada ya huduma kwanza, tena kwa simu, jina la mtu binafsi. Tumpe?

Ticha_Kemia_Tabora
Usimpe, mzee wangu. TCU wana orodha ya mawakala waliosajiliwa, mtafute humo kwanza. Ada ya chuo inalipwa kwenye akaunti ya chuo chenyewe, jina la akaunti lifanane na la barua ya udahili. Huyo wakala mara nyingi analipwa kamisheni na chuo kwa kila kichwa, ndiyo maana anakisifia hicho kimoja. Na barua ya udahili ihakiki kwa kuiandikia ofisi ya udahili ya chuo kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, si ile iliyo kwenye barua.

Tabibu_Kasulu
Kwa ambaye ameshaenda na yuko mwaka wa nne au wa tano, tumieni likizo ndefu. Chukua barua ya utambulisho ya chuo inayotaja mwaka wako wa masomo, andika maombi kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni (Kigoma) au Kitete (Tabora), miezi miwili kabla, uliza kama kuna ada ya mafunzo, na uwe na chanjo ya homa ya ini B. Omba wiki nne wodi ya wazazi na nne za watoto, upasuaji utaupata baadaye. Nunua daftari gumu, kila uzazi ulioshiriki na kila mshono uliopiga uandike tarehe, ulisaidia au ulifanya mwenyewe, na msimamizi asaini siku hiyo hiyo. Ukisubiri mwisho wa mwezi, yuko likizo.