Mama anameza warfarini, kapewa Flagyl. Nimuulize nani?

Binti wa Kisauni
Hamjambo nyote. Mamangu ana miaka 63, ana valvu ya bandia ya moyo na kila usiku saa mbili humeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Juzi jino lilimsumbua, tukapita duka la dawa, akapewa Flagyl, dawa ya kuua bakteria, ya siku saba. Leo ni siku ya nne. Nimemvua bangili nikakuta damu imevilia mkononi, pana kama kiganja changu, na alipopiga mswaki mate yalitoka mekundu. Daktari wake hukaa kliniki Alhamisi tu. Nisubiri?

Mfamasia wa Wodini
Usisubiri dadangu, mpeleke dharura sasa hivi apimwe INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda. Mtaje Flagyl mlangoni, wasikuulize mara mbili. Wala usimkatize warfarini kwa uamuzi wako. Kwenye valvu ya bandia damu ikiganda ni balaa jingine.

Ini ndilo linaloivunja warfarini. Flagyl huzuia kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, basi vidonge ni vile vile lakini nguvu yake damuni inapanda siku hadi siku. Ndiyo maana hukuona kitu siku ya kwanza.

Ukifika, omba umwone mfamasia wa kliniki. Watu wengi hapa Mombasa wanatujua dirishani tu, tukihesabu vidonge. Asubuhi tunazunguka wodini na madaktari, na simu hailali: huyu figo zake zimechoka, apewe dozi gani? Hii na ile zitiwe dripu moja? Kujibu maswali hayo ndiyo kazi yetu, na la mamako ni mojawapo.

Beba dawa ZOTE kikapuni, hata za mitishamba. Mzee mmoja alinimwagia kikapu chake mezani: pakiti mbili, majina mawili, zote warfarini. Alikuwa akimeza zote mbili kwa mwezi mzima. Karatasi ya daktari isingenionyesha hilo, kikapu ndicho kilichonionyesha.

Baba Swaleh
Na mchicha je? Babangu kakatazwa kabisa.

Mfamasia wa Wodini
Hapana, mzee ale. Mchicha na kisamvu vina vitamini K, inayopunguza nguvu ya warfarini, kwa hiyo kinachotakiwa ni kiasi kisichobadilika. Asile sinia leo kisha akae wiki mbili bila jani.

Binti wa Kisauni
Tumefika. INR imetoka 6.1, iko juu mno, amelazwa. Flagyl imesimamishwa, na warfarini ya leo daktari kasema ingoje. Mfamasia amekuja hadi kitandani, anatoa dawa moja moja kikapuni na kuandika. Ameuliza hata dawa ya kuchua magoti, ambayo mimi sikuiona kama dawa.

Mfamasia wa Wodini
Alhamdulillahi. Mwombe mfamasia ajaze ile fomu ya manjano ya Bodi ya Famasia na Sumu, ya kuripoti madhara ya dawa. Na kabla hamjatoka, akuandikie dawa zipi za jino mama anaweza kutumia. Hilo jino bado linauma.