Saizi ya pakiti kwenye PCIe: kerneli ipange yenyewe au iiachie BIOS?

Wakuu tulijadili hili bila matusi. Kuna hoja kila siku naikuta, kwamba BIOS (programu ya ubao inayoamka kwanza) ikishapanga saizi ya mzigo, yaani data ya juu kabisa ndani ya pakiti moja, kwenye PCIe (njia inayounganisha kadi na ubao) basi kerneli, kiini cha Linux, isiguse, eti aliyetengeneza ubao ndo anaujua. Mi nakataa.

Juzi nimepiga lspci -vv, amri ya kuorodhesha vifaa, kwenye mashine yangu (piga na sudo, bila hivyo hiyo sehemu huioni), kadi ya mtandao kwenye DevCap (uwezo wa kifaa) inasema inabeba baiti 512, mlango wa juu yake nao 512, kushuka kwenye DevCtl (kilichopangwa kweli) nakuta imewekwa 128. Sasa 128 ndo kiwango cha chini kabisa, vinapanda mara mbili mbili mpaka 4096, na kifaa chochote kikiwaka kinaanzia hapo hapo 128. Kwa hiyo BIOS haijapanga chochote, imeacha kitu kama kilivyozaliwa halafu tunaita huo utaalamu.

Piga hesabu. Kila pakiti ina kichwa na vikorombwezo vyake, tuseme baiti 24. Ukituma 4096 kwa vipande vya 128 unapata pakiti 32, baiti 768 zimeliwa na vichwa tu. Kwa 512 ni pakiti 8, unapoteza 192. Njia ileile.

Msimamo wangu pci=pcie_bus_safe, chaguo unaloipa kerneli inapowaka, iwe ndo kawaida ya Linux, kerneli ipite kila tawi, imtafute mnyonge wao, wote wawekwe saizi yake.

Jibu 1:
Mkuu unaruka jambo moja zito. Kifaa kikipokea pakiti kubwa kuliko kilichopangiwa hakiigawi, kinaihesabu imeharibika, Malformed TLP (TLP ndo hizo pakiti), na kwa kawaida hilo ni kosa la kuua. Seva inaganda usiku wa manane we unashangilia baiti 24. Na mtu akichomeka kadi ya 128 mashine ikiwa inawaka, tawi lote lipo 512, hapo unafanyaje?

Jibu 2:
Safe ya nini, weka pcie_bus_perf. Kwanini kikadi kimoja kizee kiwashushe wenzake wote? Kila kifaa kichukue kikubwa kinachoruhusiwa na daraja lake, ombi la kusoma libanwe lisizidi saizi ya aliyeomba, hivyo memori haiwezi kumrudishia tonge asiloweza kumeza. Kwisha.

Mwanzilishi:
Wa kwanza, swali la kuchomeka ni zuri ila wameshalifikiria, safe ikikuta sloti ya kuchomeka mashine ikiwaka nyuma ya swichi (kigawanyaji cha njia ya PCIe) inalishusha tawi zima mpaka 128, hasara unaipata lakini hugandi. Wa pili ndo unanitisha. Hiyo perf inasimama kama vifaa vinaongea na memori tu, siku kadi ya grafiki ya 512 inaandika moja kwa moja kwenye SSD ya 128, hakuna aliyeomba kusoma, sasa huo ubanaji wako unamlinda nani? Ndo maana kuna pcie_bus_peer2peer inayowaweka wote 128.

Wa kwanza, nitafutie log hata moja ya Malformed TLP iliyoletwa na safe, sio perf, nami nafuta uzi.