Naomba ushauri: niache kazi ya CSO Nyakach niende kuratibu masomo akademia ya Nakuru?

Mama_Wawili

Hamjambo wenzangu. Nisaidieni kufikiri, maana hesabu hii imeninyima usingizi wiki mbili sasa.

Mimi ni mwalimu wa TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, umri wangu miaka 41. Nilifundisha shule ya msingi miaka kumi na miwili, kisha nikafaulu mahojiano nikawa CSO, yaani afisa wa kuwasaidia walimu kutekeleza mtaala, hawa ambao zamani tuliwaita watu wa TAC. Huu ni mwaka wangu wa nne nikihudumia zoni moja Nyakach, mashambani kaunti ya Kisumu. Nazunguka shuleni, naketi nyuma ya darasa na kishikwambi changu, namtazama mwalimu akifundisha, halafu tunatoka nje tuzungumze somo lilivyokwenda. Kazi yenyewe naipenda kwa dhati. Mshahara wa msingi ni elfu sitini na kidogo, juu yake posho ya nyumba na ya usafiri.

Sasa akademia moja ya binafsi ya Nakuru inataka mratibu wa masomo, wa kuongoza walimu kuanzia chekechea hadi Gredi ya 9. Wanasema 95,000 kwa mwezi kabla ya makato, kandarasi ya miaka miwili. Mume wangu anafanya kazi huko huko na amepanga Lanet. Mimi na watoto tuko Nyamasaria, pembeni mwa Kisumu mjini, na kila asubuhi napanda matatu ya Katito kwenda Nyakach. Yaani nyumba mbili, kodi mbili, na watoto wanamwona baba yao mwisho wa mwezi.

Kuna jambo lingine linaloniuma. Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo ni CSO pia, daraja moja na mimi, lakini yeye yuko Kisumu mjini. Tuliweka hati zetu za mshahara pamoja mezani nikaona ananizidi posho ya nyumba, na sote tunalala mtaa mmoja! Halafu binamu yangu aliyeko Marekani ananiambia kazi kama yangu huko inalipwa mamilioni kwa mwaka. Hivi hii kazi hupimwa kwa mizani gani?

Zoni_ya_Zamani

Mwalimu, pole na pongezi kwa pamoja. Mimi nimestaafu, nilikuwa kazi hiyo hiyo upande wa Kakamega.

Hilo la rafiki yako lina jibu fupi. Posho ya nyumba hufuata kituo cha kazi. Mahali unapolala hawapaulizi. Nairobi iko juu peke yake. Chini yake kuna miji mikubwa, na humo wamo Kisumu na Nakuru pamoja. Kisha zinakuja sehemu nyingine zote. Kituo chako kiko Nyakach, basi umehesabiwa kwenye hizo sehemu nyingine, hata kama mlango wako unatazama barabara ya Nyamasaria. Katika mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021, mwalimu wa daraja la B5 alipata posho ya nyumba ya 6,750 akiwa Nairobi, 4,500 akiwa Kisumu au Nakuru, na 3,200 akiwa kijijini. Ukipanda daraja, pengo hilo nalo linapanuka.

Mshahara wa msingi wenyewe haubadiliki kwa mahali. CSO wa Lodwar na CSO wa Nakuru wakiwa daraja moja na hatua moja wana msingi ule ule. Wa Lodwar anaongezewa posho ya mazingira magumu, na nimewahi kuona watu wakikataa uhamisho wa kuja mjini kwa sababu ya hiyo. Mtu keshachukua mkopo wa sako kwa kutegemea posho ile, ukimleta mjini hati yake inabaki mifupa.

Na uzoefu? TSC wanakuongeza kidogo kila mwaka ndani ya daraja lako hadi ufike kikomo chake. Ukifika hapo unasimama, hata uwe umefundisha miaka thelathini. Nilisimama hapo miaka sita. Kila mwaka nilifungua hati nikakuta tarakimu zile zile, huku vijana niliowafundisha namna ya kuandaa somo wakinipita kwa sababu wao waliitwa mahojiano nami sikuitwa. Kwa hiyo usiulize tu una miaka mingapi kazini. Angalia zimebaki hatua ngapi kabla ya kugonga dari.

Hesabu_za_Milimani

Dada, nafanya kazi ya kuandaa mishahara, ngoja nikufungulie hiyo 95,000.

SHIF, bima ya afya, ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, hapo imeondoka kama 2,600. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 1,425. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, itachukua elfu nne au tano na zaidi, kutegemea kiwango cha mwaka huo. Kisha kodi ya mapato, asilimia 30 kwa sehemu kubwa ya kinachobaki, na ukishaondoa nafuu ya kodi ya 2,400 unalipa karibu 18,000. Mkononi unabaki na kama 67,000 au 68,000. Weka tarakimu hii kando ya ile inayoingia benki yako sasa. Usilinganishe 95,000 na kinachokufikia mkononi, hapo ndipo wengi hujidanganya.

Kuna pesa nyingine ambayo huioni. Tangu Januari 2021 mwalimu aliyekuwa chini ya miaka 45 yuko kwenye mfuko wa pensheni wa kuchangia. Wewe unakatwa asilimia 7.5 ya msingi, serikali inaweka asilimia 15. Kwa msingi wa 60,000 hiyo ni 9,000 kila mwezi, 108,000 kwa mwaka, na ni yako. Akademia inakuwekea nini zaidi ya NSSF? Uliza, na jibu liwe kwa maandishi.

Na ile miaka yako ya kabla ya 2021 iko chini ya utaratibu wa zamani. Huko kustaafu mapema ni kuanzia miaka 50, na kujiuzulu si kustaafu. Nenda ofisi ya TSC ya kaunti kabla hujaandika barua yoyote, uliza miaka hiyo itahesabiwaje ukiondoka leo na miaka 41.

Kutoka_Section58

Mimi nimekuwa mratibu wa masomo katika shule mbili za binafsi hapa Nakuru. Sitazitaja.

Shule za binafsi hazina jedwali la mishahara. Mshahara ni mapatano kati yako na mwenye shule, na shule mbili zinazotazamana zinaweza kutofautiana mara mbili kwa kazi ile ile. Inayofuata mtaala wa Uingereza hulipa vizuri zaidi, ila watataka uwe umeufundisha. Uzoefu wako wa CSO una thamani kubwa kwao kwa sababu umeona madarasa mengi kuliko mwalimu mkuu yeyote walio naye. Usiuze kwa bei ya mwalimu wa kawaida. Mwambie umesimamia shule ngapi, umekaa ndani ya masomo mangapi. Mimi niliomba elfu kumi na tano zaidi ya walichotaja na nikapata elfu kumi.

Lakini nisikilize hapa, dada yangu. Shule ya kwanza ililipa vizuri muhula wa kwanza. Muhula wa pili karo zikachelewa, nasi tukachelewa. Agosti tukapewa nusu, tukaambiwa shule zimefungwa. Nilikaa na mtoto mwenye pumu nikimwomba mwenye duka la dawa anikopeshe kipulizo. Uliza kama kandarasi inalipa miezi kumi na miwili. Uliza Aprili, Agosti na Desemba. Kisha tafuta mwalimu aliyeondoka hapo, si aliyeko, umuulize mshahara uliingia tarehe ngapi.

Niko_Minnesota

Binamu yako hakudanganya, ila hakumaliza. Takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2024 zinaonyesha mratibu wa ufundishaji hapa anapata dola 74,720 kwa mwaka, maana yake nusu yao wanapata zaidi ya hapo na nusu chini yake. Kwa kawaida anatakiwa awe na shahada ya uzamili na awe amefundisha. Ila katika shule nyingi za umma kila wilaya ina jedwali lake, mshahara ukipangwa kwa miaka ya kazi upande mmoja na elimu upande mwingine, kwa hiyo kuvuka mpaka wa wilaya kunaweza kubadilisha mshahara kabisa. Na kodi ya nyumba na bima ya afya hulipwa kwa dola hizo hizo. Usiibadilishe kuwa shilingi ukajiona umeonewa.

Aliyekuwa_Mradini

Nawe usidanganywe na watu wa miradi pia. Nilikuwa Kisumu kwenye mradi wa kusoma uliofadhiliwa na Marekani, nikifanya karibu kazi hii yako kwa zaidi ya mara mbili ya mshahara wa serikali. Januari 2025 ufadhili uliposimamishwa tulirudisha vishikwambi na funguo za gari ndani ya wiki chache. Nilikuwa nimeacha TSC. Narudi kufundisha kwa kuajiriwa na bodi ya shule, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Mwenye kazi ya kudumu aiache akiwa ameiona kwa macho ile anayoiendea.

Mama_Wawili

Nimesoma kila neno, asanteni sana. Mzee wa Zoni ya Zamani, nimehesabu, zimebaki hatua mbili nigonge dari.

Niongeze jambo ambalo halimo kwenye hati. Msimu wa mvua udongo mweusi wa huku chini unashika gurudumu la boda mpaka linakataa kuzunguka. Jumanne dereva alishuka mara tatu akiuchokoa kwa kijiti, nami nimesimama na viatu mkononi, darasa limeshaanza. Nauli ya siku hiyo ilikuwa 600, ya kwangu mwenyewe. Nimejumlisha mwezi mzima nikakuta boda pekee imekula zaidi ya ile tofauti ya posho ya nyumba niliyokuwa nikiililia.

Zoni_ya_Zamani

Basi mwalimu, njia ya tatu mbona hujaitaja? Omba uhamisho uende Nakuru ukiwa CSO. Ukipata kituo ndani ya jiji, posho ya nyumba inapanda, pensheni haiguswi, na kodi inabaki moja. Sababu ya ndoa inakubalika, ambatisha cheti. Inaweza kuchukua muda, na lazima kuwe na nafasi huko.

Mama_Wawili

Nimepiga simu Nakuru leo mchana. Nimewauliza kuhusu Agosti na Desemba. Mama aliyepokea alinyamaza kidogo, akasema wakati shule imefungwa wanalipa "kulingana na hali". Nikamuuliza pensheni, akasema atanipigia.

Fomu ya uhamisho nimeichukua, naijaza usiku huu. Cheti cha ndoa kiko Lanet, mume wangu anakituma kesho na matatu ya asubuhi.