Hisa za Moonpig: ninunue au nipite?

Mgeni_wa_Hisa: Wakuu, naombeni ushauri. Niko Uingereza, nina akiba kidogo, na nimevutiwa na Moonpig, wale wanaouza kadi za salamu na zawadi mtandaoni. Waliingia Soko la Hisa la London Februari 2021 kwa peni 350 kwa hisa, mwaka uliofuata bei ikaporomoka vibaya. Kinachonichanganya: Desemba 2024 walitangaza hasara ya nusu mwaka, papo hapo wakatangaza gawio lao la kwanza. Mwenye hasara anagawa nini?

Kibubu: Mkuu, hasara ile ni ya vitabuni, haikutoa fedha mfukoni wakati ule. 2022 walinunua Buyagift na Red Letter Days, wauzaji wa vocha za matembezi na milo, kwa pauni milioni 124. Biashara hiyo ya vocha ikadorora, wakalazimika kufuta karibu milioni 57 kwenye thamani yake. Kadi zenyewe zinaingiza fedha vizuri tu. Anza na taarifa ya mtiririko wa fedha, yaani fedha taslimu zinazoingia na kutoka, ndipo uje kwenye faida na hasara.

BiMahesabu: Kibubu, usimpambie. Hiyo "ya vitabuni" ni fedha halisi ya wanahisa, ilitoka 2022. Mimi swali langu lingekuwa moja: uongozi utanunua nini tena?

Kibubu: Hapo sina ubishi, dada.

MzeeWaGawio: Mnasahau vikumbusho. Mteja akishaandika tarehe ya kuzaliwa ya mama yake, kila mwaka siku ikikaribia anapata ujumbe, anachagua kadi, anabandika picha, na kabla hajalipa anaoneshwa maua na chokoleti. Kampuni haijalipia tangazo hata moja kumrudisha. Kuiga kadi ni rahisi, ila kalenda za familia za watu utazitoa wapi? Mimi ningelipia hicho, vocha wakaziuze.

Karani77: Sawa mzee, ila kadi lazima ifike. Stempu ya daraja la kwanza ya Royal Mail ilikuwa peni 85 mapema 2021. Aprili 2025 ikafika pauni 1.70. Ikiendelea hivi, wengi wataishia kutuma ujumbe wa simu.

Mgeni_wa_Hisa: Hili la posta sikuwa nimelifikiria kabisa. Basi nitaonja kidogo, nyingine nishike mpaka nione taarifa ya nusu mwaka ijayo.

BiMahesabu: Afadhali. Halafu ukinunua kuna ushuru wa asilimia 0.5, kwa hiyo usiwe wa kuingia na kutoka.